Vin Scully: misimu 67 kwenye kipaza sauti cha Dodgers, na umati aliouachia nafasi

Kipaza Sauti:

Wanajukwaa, salaam.

Kwa muda mrefu nimetaka kuandika habari za mtangazaji mmoja wa redio ambaye wengi wetu hatukukua tukimsikia, kwa kuwa mchezo aliokuwa akiutangaza haujaota mizizi huku kwetu. Jina lake ni Vin Scully, Mmarekani aliyeitangaza timu ya besiboli ya Dodgers kuanzia mwaka 1950 hadi mwaka 2016, yaani misimu 67 na timu moja. Alianza akiwa na umri wa miaka 22, akastaafu akiwa na miaka 88, na alifariki tarehe 2 Agosti 2022 akiwa na miaka 94. Urefu wa kazi hiyo umeandikwa sana na wengine. Mimi nataka kuzungumzia jambo moja ambalo naona ndilo lililoibeba: mtu huyu aliingia katika utangazaji kwa sababu ya kuupenda mngurumo wa umati, na hakuusahau hata pale ambapo kipaza sauti kilikuwa mikononi mwake.

Scully alizaliwa tarehe 29 Novemba 1927 katika eneo la Bronx, New York, katika familia yenye asili ya Ireland. Baba yake alikuwa mchuuzi wa hariri na alifariki kwa homa ya mapafu wakati mtoto bado mdogo sana, na mama akaolewa tena na baharia Mwingereza. Nyumbani kwao kulikuwa na redio kubwa ya mbao yenye miguu minne, iliyosimama juu kiasi cha mtoto kuweza kupenya chini yake. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, alikuwa akichukua mto wa kulalia, glasi ya maziwa na biskuti za chumvi, anatambaa chini ya redio ile na kulala hapo akisikiliza mechi za mpira wa miguu wa Kimarekani baina ya vyuo vikuu vya mbali ambavyo havikumhusu kwa lolote. Alisimulia mara nyingi baadaye kwamba hakujali nani anashinda. Kilichomvuta kilikuwa mngurumo wa watu, uliokuwa ukimshukia kutoka juu kama maji ya bomba la mvua, hata malaika wakamsimama mwili mzima. Masista waliokuwa wakimfundisha shuleni walipowapa watoto insha ya kueleza wanataka kuwa nani ukubwani, wenzake waliandika udaktari na uuguzi, naye akaandika kwamba anataka kuwa mtangazaji wa michezo. Hiyo ilikuwa miaka ya 1930, wakati kazi hiyo yenyewe ilikuwa bado changa.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Fordham, ambako alicheza besiboli katika timu ya chuo na kushiriki katika siku za mwanzo za kituo cha redio cha chuo, WFUV, kilichofunguliwa mwaka 1947. Alipohitimu mwaka 1949 alituma barua zipatazo 150 kwa vituo vya redio vya mashariki mwa Marekani. Kituo kimoja tu, WTOP cha Washington, kilimpa kazi, nayo ilikuwa ya kushikilia nafasi za watangazaji waliokwenda likizo.

Hapa ndipo anapoingia Red Barber, na nitakaa naye kidogo, kwa sababu bila yeye habari hii haisimami. Barber alikuwa mtu wa Kusini mwa Marekani, mzaliwa wa Mississippi, sauti kuu ya Brooklyn Dodgers (ndiyo Dodgers hiyohiyo, wakati huo ikiwa bado Brooklyn, New York) tangu mwaka 1939 na wakati huohuo mkuu wa michezo wa redio ya CBS. Mwezi Novemba 1949 alipungukiwa na mtu wa kutangaza mechi ya chuo kikuu cha Maryland dhidi ya chuo kikuu cha Boston, akamkumbuka kijana mwenye nywele nyekundu aliyekuwa amewahi kufika ofisini kwake kutafuta kazi. Alipiga simu nyumbani. Mama yake Scully aliipokea, na kijana aliporudi akaambiwa kwamba ametafutwa na Red Skelton, ambaye alikuwa mchekeshaji mashuhuri wa redio wa wakati ule. Ilibidi jambo hilo linyooshwe kwanza ndipo safari ya Boston ianze.

Scully alikwenda katika uwanja wa Fenway Park akiamini kwamba atakaa ndani ya kibanda chenye joto, hivyo akaliacha koti lake na glavu hotelini. Alipofika aliambiwa kwamba nafasi yake iko juu ya paa. Alitangaza mechi nzima akitembea juu ya paa lile katika baridi ya Novemba, huku akivuta waya mrefu wa kipaza sauti na taa moja ndogo ikimmulikia, na hakusema hewani hata neno moja kuhusu baridi au shida yake. Alirudi nyumbani akidhani ameharibu. Siku chache baadaye wenyeji wa Boston walimwomba Barber radhi kwa mahali walipomweka kijana wake, na hapo ndipo Barber alipojua kilichotokea. Nafasi ya mtangazaji wa tatu wa Dodgers ilipopatikana, Barber alimwita kijana yule yule, naye akaanza mwaka 1950.

Barber alimlea kwa ukali wa baba. Alimkataza kushangilia timu hewani, akamwagiza afike uwanjani mapema na kuzungumza na wachezaji ili awe na la kusema, na akamshauri asiwasikilize watangazaji wengine, kwa kuwa kitu pekee alichonacho ambacho wengine hawana ni yeye mwenyewe. Kwenye meza ya Barber kulikuwa na kioo kidogo cha mchanga, cha kupimia muda wa kuchemsha mayai, ambacho kila mchanga ulipoisha alikigeuza na kutaja matokeo, ili mtu aliyewasha redio sasa hivi asibaki gizani.

Mwaka 1953 Barber alikataa masharti ya malipo ya mdhamini wa fainali za World Series, na Scully akachukua nafasi hiyo akiwa na miaka 25, mdogo kuliko mtangazaji yeyote aliyewahi kutangaza fainali hizo. Mwaka uliofuata Barber alihamia kwa Yankees, timu nyingine ya New York, na kijana akawa sauti kuu ya Brooklyn. Mwaka 1955, baada ya miaka mingi ya kushindwa na Yankees haohao, Brooklyn ilitwaa ubingwa wake wa kwanza, ambao ulikuja kuwa wa pekee katika mji ule. Scully alisema sentensi moja: "Mabibi na mabwana, Brooklyn Dodgers ni mabingwa wa dunia." Kisha akanyamaza. Watu walimuuliza kipupwe kizima kwa nini hakuongeza kitu, naye akajibu kwamba kama angetamka neno jingine angelia.

Nitaendelea na safari ya Los Angeles kesho, Mungu akipenda.

Kipaza Sauti:

Naendelea.

Baada ya msimu wa 1957 Dodgers waliihama Brooklyn na kwenda Los Angeles, umbali wa zaidi ya kilomita 3,900. Uwanja wao mpya ulikuwa haujajengwa, hivyo kuanzia 1958 hadi 1961 walicheza katika uwanja wa Coliseum, uliotumika kwa Michezo ya Olimpiki ya 1932 na ambao haukujengwa kwa ajili ya besiboli kabisa. Ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Katika fainali za 1959 uliingiza watu zaidi ya 92,000 katika kila moja ya mechi tatu zilizochezwa hapo. Mtu aliyekaa safu za juu aliwaona wachezaji kama punje za mchele. Isitoshe, wakazi wengi wa Los Angeles hawakuwahi kuzifuatilia timu za ligi kuu kwa karibu, kwani kabla ya hapo timu zote zilikuwa mbali nao.

Wakati huohuo, redio ndogo za transista zilikuwa zimeanza kuuzwa Marekani tangu mwaka 1954, na watu wakaanza kuzibeba uwanjani. Jambo hili naliona kuwa la ajabu kuliko yote katika maisha yake ya kazi. Maelfu ya watu wamelipa kiingilio, wamekaa mbele ya mchezo wenyewe, na bado wanamsikiliza mtu wa redio awaeleze wanachokiona. Redio zilikuwa nyingi kiasi kwamba sauti ya Scully ilisikika uwanjani kote ikirudi hata kibandani kwake, na mafundi wakawa na kazi ya kudhibiti mwangwi. Mtangazaji wa kawaida anaweza kukosea rangi ya kofia na hakuna atakayejua. Yeye alikuwa na mashahidi makumi elfu waliokuwa wakimpima kila sentensi.

Siku moja mwaka 1960 mchezo ulikuwa umepoa, naye akaona katika kitabu cha kumbukumbu kwamba ni siku ya kuzaliwa ya mmoja wa waamuzi, Frank Secory. Aliwaambia wasikilizaji kwamba atahesabu hadi tatu, kisha wote wampe mwamuzi heri ya siku ya kuzaliwa. Alihesabu, na uwanja mzima ukapaza sauti kwa pamoja. Secory aliinua macho akiwa ameduwaa, kwa sababu yeye peke yake, pamoja na wachezaji, hakuwa na redio.

Mmiliki wa timu, Walter O'Malley, naye alichangia bila kukusudia sifa hii. Kwa miaka mingi aliruhusu televisheni kuonyesha mechi chache mno, hasa zile zilizochezwa San Francisco dhidi ya Giants, ili watu waje uwanjani. Matokeo yake ni kwamba kizazi kizima cha watu wa kusini mwa California kiliijua timu yao kwa masikio: ndani ya magari kwenye foleni, jikoni, dukani kwa fundi viatu, na watoto wakiwa wamezificha redio chini ya mito usiku.

MsomajiMorogoro:

Ndugu Kipaza Sauti, ahsante kwa uzi huu. Nina pingamizi moja, nawe uniwie radhi. Unamsifu kwa kunyamaza, lakini nilivyosoma mimi, ukimya wake uliosifiwa sana ulikuwa kwenye televisheni, si kwenye redio. Mwaka 1986 alikuwa anaitangazia NBC, na mwaka 1988 vilevile. Kwenye televisheni kunyamaza ni rahisi, kwani picha inaendelea kusema. Redio ikinyamaza, msikilizaji anaigonga akidhani betri zimekwisha. Je, si haki kusema kwamba umahiri wake wa redio na ule wa televisheni ni vitu viwili tofauti?

Naomba pia utueleze mchezo wenyewe kwa ufupi, kwa maana wengine tunafuata mtiririko lakini hatujui nini kinahesabiwa.

Kipaza Sauti:

Pingamizi lako ni la haki na nitalijibu kwa vipande.

Kwanza mchezo. Timu mbili hupokezana kupiga na kulinda, na kila moja hupata zamu tisa za kupiga. Mrushaji wa timu inayolinda hutupa mpira, mpigaji wa timu nyingine hujaribu kuupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne ili apate pointi moja. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Wakitoka watatu, zamu imekwisha. Mpira ukipigwa ukavuka uzio ukiwa hewani katika eneo halali, mpigaji na wote waliopo vituoni wanarudi nyumbani na pointi zao. Mrushaji akiweza kuwatoa wapigaji 27 kwa zamu tisa, bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, hiyo inaitwa mechi kamilifu. Ni kitu adimu mno, na Scully alitangaza tatu: ya Don Larsen mwaka 1956, ya Sandy Koufax mwaka 1965 na ya Dennis Martínez mwaka 1991. Ongeza kwamba katika enzi yake mchezo huu haukuwa na saa ya kuhesabu muda. Kati ya mpira mmoja na mwingine kulikuwa na nafasi kubwa isiyo na tukio, na mtangazaji asiye na hazina ya hadithi alikuwa akikauka mapema.

Sasa kuhusu ukimya. Ni kweli kwamba mwaka 1986, katika mechi ya sita ya fainali, mpira mwepesi ulipopita katikati ya miguu ya Bill Buckner wa Boston na Mets wakashinda, Scully alikuwa kwenye televisheni, akanyamaza kwa zaidi ya dakika tatu. Ni kweli pia kuhusu tarehe 15 Oktoba 1988. Kirk Gibson wa Dodgers alikuwa na miguu yote miwili mibovu, na Scully alikuwa amekwisha kuwaambia watazamaji kwamba Gibson haonekani hata kwenye benchi. Gibson aliyasikia maneno hayo kupitia televisheni akiwa chumba cha matibabu, akainuka na kuomba nafasi. Dodgers walikuwa nyuma 4 kwa 3, wawili wametoka katika zamu ya mwisho, mwenzake mmoja yuko kituoni. Aliupiga mpira wa Dennis Eckersley ukavuka uzio. Scully alitangaza kwamba umeondoka, kisha akakaa kimya zaidi ya dakika nzima huku Gibson akichechemea kuzunguka vituo, ndipo akasema kwamba katika mwaka uliojaa yasiyotarajiwa, lisilowezekana limetokea.

Hayo ni ya televisheni, nakubali. Lakini tarehe 8 Aprili 1974 alikuwa akiwatangazia watu wa nyumbani Los Angeles kwa redio kutoka Atlanta, usiku Hank Aaron alipopiga pigo lake la 715 la kuvuka uzio na kuivunja rekodi ya Babe Ruth. Aaron alikuwa Mmarekani mweusi, na kwa miezi mingi kabla ya hapo alikuwa amepokea barua za chuki na vitisho vya kuuawa kwa sababu tu ya kuikaribia rekodi ya mzungu. Mpira ulipovuka, Scully aliutangaza, kisha akaondoka kwenye kipaza sauti na kurudi nyuma ya kibanda, akaiacha redio ijae vifijo na fataki. Aliporudi alisema ni wakati wa ajabu kwa besiboli, kwa Atlanta na jimbo la Georgia, kwa nchi na kwa dunia, kwamba mtu mweusi anashangiliwa na watu waliosimama wima katika Kusini ya ndani (majimbo ya kusini mwa Marekani yanayojulikana kwa historia ya ubaguzi wa rangi) kwa kuvunja rekodi ya shujaa wa mchezo huu wa tangu na tangu. Naomba uone mpangilio wake. Angeweza kuyasema hayo mpira ukiwa bado hewani. Aliuacha umati useme kwanza, na umati ule, wa mji ule wa Kusini, ulikuwa ndio ushahidi wa maneno aliyokuja kuyasema.

Kwa hiyo sikubaliani kwamba redio hunyamaza mtangazaji anapofunga mdomo. Redio ina kipaza sauti kingine kinachoelekea uwanjani. Scully alijua hilo tangu alipokuwa chini ya ile redio yenye miguu minne.

MsomajiMorogoro:

Nimekuelewa, nalikubali hilo la Atlanta. Nilidhani nalo lilikuwa la televisheni.

Usiku Los Angeles:

Nimeishi Los Angeles tangu mwaka 2007 na nilikuwa nikiendesha gari usiku, kwa hiyo naweza kuchangia kama shahidi. Nilipofika sikujua besiboli hata kidogo. Kiingereza cha shule nilikuwa nacho, lakini redio za huku zilikuwa zikinishinda kwa kasi. Mtu wa kwanza niliyemwelewa neno kwa neno alikuwa mzee huyu. Alizungumza kwa utulivu, sentensi zake zilikuwa na mwanzo na mwisho, na alianza kila mara kwa salamu ileile, akitutakia jioni njema sana popote tulipo. Kwa mtu aliye mbali na kwao, maneno "popote ulipo" yana uzito wake.

Jambo moja ambalo mwanzisha uzi hajaligusa ni kwamba alifanya kazi peke yake. Watangazaji wengi wa Marekani hukaa wawili au watatu kibandani wakizungumza wao kwa wao. Scully alieleza mara kadhaa kwamba akikaa na mwenzake atazungumza na mwenzake, na akiwa peke yake atazungumza na msikilizaji. Nilihisi hivyo hasa: kwamba yupo kiti cha abiria na ananisimulia mimi. Angeweza kuanza kisa cha babu wa mchezaji fulani, akakikatiza kwa kutaja mpira uliorushwa, akakirudia kisa, akakatiza tena, na ukashangaa kwamba kisa kimefika tamati sambamba na zamu.

Katika miaka yangu ya kumsikia, zamu tatu za mwanzo tu ndizo zilizorushwa redioni pamoja na televisheni, kisha alibaki kwenye televisheni na watangazaji wengine wakashika redio. Kuanzia 2014 mechi zilihamia kwenye chaneli ya kulipia ambayo kampuni nyingi za usambazaji hazikukubaliana nayo bei, na nyumba nyingi za mji huu zikakosa picha. Watu waliokuwa wakimsikiliza tangu utoto wakabakiwa na zamu tatu za redio. Nilikuwa naegesha gari ili nizimalize. Niliona ni uonevu mkubwa kwa wazee wa mji huu kunyimwa sauti ile katika miaka yake ya mwisho, na bado naona hivyo.

Mwalimu_Lindi:

Nawasalimu wote. Kilichonivutia ni lugha. Besiboli imejaa maneno yake yenyewe, na mji wa Los Angeles una wasemaji wengi wa Kihispania. Je, wao walikuwa wakimsikiliza Scully, au walikuwa na mtu wao? Nauliza kwa sababu sisi wenyewe, tukitaka kuutangaza mchezo wa kigeni kwa Kiswahili, tutalazimika kutafuta maneno, na ningependa kujua wenzetu walifanyaje.

Kipaza Sauti:

Mwalimu, shikamoo. Swali lako limefungua mlango nilioupita.

Dodgers walianza kutangazwa kwa Kihispania mwaka uleule walipohamia, 1958, na René Cárdenas, mzaliwa wa Nikaragua. Mwaka 1959 alijiunga naye Jaime Jarrín, mzaliwa wa Ekwado, ambaye alikuwa amefika Marekani mwaka 1955 bila kuwahi kuona mechi moja ya besiboli, kwa kuwa kwao watu walicheza soka. Kwa miaka mingi ya mwanzo kituo chao hakikuwasafirisha watangazaji hao kwenye mechi za ugenini. Walikaa studio Los Angeles, wakamsikiliza Scully na mwenzake Jerry Doggett kwa vipokea sauti, na papo hapo wakautangaza mchezo upya kwa Kihispania kana kwamba wako uwanjani. Jarrín amesema wazi kwamba Scully alikuwa mwalimu wake. Fikiria, Mwalimu, ubora wa maelezo unaotakiwa ili mtu mwingine, katika chumba kisicho na dirisha, aweze kuujenga mchezo mzima kwa lugha nyingine kutokana na sauti tu. Mtangazaji anayepayuka bila kusema mpira uko wapi hawezi kutafsiriwa. Jarrín aliitangaza timu hiyo kwa misimu 64 na kustaafu mwaka 2022, mwaka uleule Scully alipofariki.

Mwalimu_Lindi:

Marahaba, mwanangu. Basi hebu tupe mfano mmoja wa maelezo hayo. Tumesifu sana ukimya, tuone na maneno.

Kipaza Sauti:

Nitatoa wa tarehe 9 Septemba 1965, mechi kamilifu ya Sandy Koufax dhidi ya Chicago Cubs, kwa kuwa ni redio tupu na kanda yake ya zamu ya tisa ipo. Ipo kwa sababu Scully alikuwa na desturi nzuri: mrushaji wa Dodgers akikaribia kumaliza mechi bila kupigwa, yaani bila mpigaji yeyote kuupiga mpira wake na kufika kituoni kwa pigo hilo, aliomba zamu ya mwisho irekodiwe ili mchezaji apewe kumbukumbu yake. Na ili kumbukumbu ile iwe na maana mtu akiisikiliza uzeeni, alitaja tarehe, na akawa anataja saa iliyoonekana kwenye ubao wa matokeo. Nia yake ilikuwa zawadi kwa mtu mmoja, lakini saa zile zikageuka kuwa mapigo ya moyo ya kipande kizima.

Dodgers walikuwa wakiongoza kwa pointi moja tu, na mrushaji wa upande wa pili, Bob Hendley, alikuwa amepigwa mara moja tu usiku ule. Kwa hiyo hapakuwa na pumzi ya kupumua. Scully hakuupaka usiku rangi kwa kelele. Anasema kwamba kilima cha mrushaji kwa sasa ni mahali penye upweke kuliko pote duniani. Anasema Koufax amevua kofia, amepitisha vidole katika nywele zake nyeusi, ameirudisha kofia na anahangaika na ukingo wake. Hayo si mambo ya mchezo. Hakuna pointi inayopatikana kwa kushika kofia. Lakini mtu aliye nyumbani, akiambiwa kuhusu vidole na nywele, anauona uso wa Koufax bila kuambiwa kwamba ana wasiwasi.

Chris Krug anatoka, Joey Amalfitano anatoka, anabaki Harvey Kuenn. Scully anataja saa: tatu na dakika arobaini na nne usiku, kwa hesabu yetu. Kuenn anakosa mpira wa mwisho, Scully anatangaza kwamba ni mechi kamilifu, na hapo anaacha. Kwenye redio, Ndugu MsomajiMorogoro, zaidi ya nusu dakika ya vifijo vitupu. Kisha anarudi kwa utulivu uleule na kusema kwamba kwenye ubao wa upande wa kulia ni saa tatu na dakika arobaini na sita usiku katika Mji wa Malaika, Los Angeles, California, na kwamba watu 29,139 wamemshuhudia mrushaji wa pekee katika historia aliyemaliza mechi nne bila kupigwa hata mara moja. Anamalizia na herufi. Waandishi wa kumbukumbu za besiboli huandika K kila mpigaji anapotolewa kwa kukosa mara tatu, na Koufax alikuwa amewatoa hivyo 14, wakiwemo sita wa mwisho mfululizo. Basi Scully akasema kwamba anapoliandika jina lake kwa herufi kubwa katika vitabu vya rekodi, ile K inajitokeza kuliko herufi nyingine zote zinazofuata. Aliyatunga hayo papo hapo, mbele ya kipaza sauti kilicho wazi.

Usiku Los Angeles:

Mwanzisha uzi, malizia na siku ya mwisho, maana kuna watu huku ambao hadi leo hawawezi kuizungumzia bila sauti kukatika. Mechi yake ya mwisho ya nyumbani ilikuwa tarehe 25 Septemba 2016, na Charlie Culberson akaimaliza katika zamu ya kumi kwa pigo la kuvuka uzio lililoipa Dodgers ubingwa wa kundi lao. Watu hawakuondoka. Waligeuka wote kutazama juu, kibandani.

Kipaza Sauti:

Naam, na mechi yake ya mwisho kabisa ilikuwa wiki moja baadaye, San Francisco, na tarehe ile ilikuwa na maana ya pekee kwake.

Tarehe 2 Oktoba 1936, mtoto Vin alikuwa akitoka shule alipopita mbele ya duka la dobi Mchina mtaani kwao. Dirishani palibandikwa matokeo ya mechi ya pili ya fainali: Yankees 18, Giants 4. Giants walikuwa bado timu ya New York wakati huo, na uwanja wao, Polo Grounds, haukuwa mbali na kwao. Aliwaonea huruma walioshindwa vibaya namna ile, na tangu siku hiyo akawa shabiki wa Giants. Alipokuja kupata kazi, aliipata kwa wapinzani wao wakubwa. Kwa misimu 67 hakuwahi kusema "sisi" akizungumzia Dodgers, na mafunzo ya Barber juu ya jambo hilo hayakumtoka.

Katikati ya miaka hiyo alimzika mke wake wa kwanza mwaka 1972, na mwanawe Michael mwaka 1994 katika ajali ya helikopta, na mara zote mbili alirudi kibandani. Mwezi Novemba 2016 Rais Barack Obama alimvisha Nishani ya Uhuru ya Rais.

Lakini siku ile ya Oktoba 2, 2016 alikuwa ugenini, katika uwanja wa Giants, miaka 80 kamili tangu alipoyasoma matokeo yale kwenye dirisha la dobi. Willie Mays, mchezaji mkubwa kuliko wote wa Giants, alipanda kibandani kumwona. Mchezo ulipokwisha, Scully aliwaambia wasikilizaji kwamba amesema ya kutosha kwa maisha yote, akawatakia kwa mara ya mwisho mchana mwema sana. Matokeo yalikuwa Giants 7, Dodgers 1.